Kuchagua Njia ya Kutatua Mchemraba wa Rubik kwa Kasi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Mbinga mjini, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, ambaye tayari anautatua mchemraba wa Rubik bila kuangalia karatasi na sasa anataka kupunguza muda. Ukimaliza hatua zote utakuwa na njia moja uliyoichagua kwa vipimo vyako mwenyewe, pamoja na ushahidi kama inakufaa. Kama bado huwezi kuutatua, jifunze kwanza njia ya safu kwa safu: msalaba, pembe za chini, safu ya kati, kisha safu ya juu. Hatua zote hapa zinachukulia kwamba unaijua na kwamba unaanza daima na upande mweupe.

Watu wengi huchagua njia kwa kumtazama bingwa. Juni 2023 Max Park wa Marekani alitatua mchemraba kwa sekunde 3.13, rekodi ya dunia wakati huo, akitumia njia iitwayo CFOP, na waliotazama video yake wakaamua kwamba mjadala umekwisha. Haujaisha. Mkulima wa Kimatengo huchimba mashimo ya ngolo baada ya kuutazama mteremko wa shamba lake, na wewe utazame mikono na macho yako kabla ya kubeba njia ya mtu mwingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Usivuke hatua ambayo uhakiki wake haujakamilika.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Weka mezani vitu hivi: mchemraba mmoja wa 3×3×3, daftari la mistari na kalamu, simu yenye kamera na saa ya kupimia, dadu mbili za rangi tofauti, kanga au kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kitambaa ni cha kutua mchemraba, usigonge meza na usiokote mchanga. Intaneti utaihitaji mara moja tu, katika hatua ya 11.

Hatua ya 2: Kagua mchemraba

Zungusha kila uso kwa kidole kimoja, mara nne. Kisha zungusha safu ya wima iliyo katikati, kati ya upande wa kushoto na wa kulia, mara nne. Safu hiyo ndiyo inayokwama zaidi kwenye michemraba ya bei rahisi, na ikikwama, kipimo cha hatua ya 7 kitakudanganya.

Ukisikia mkwaruzo, kuna mchanga ndani. Hili ni jambo la kila siku kwa wanaochezea ufukweni. Utatue mchemraba kwanza, kisha geuza uso wa juu nusu ya robo, ng'oa kipande kimoja cha ukingo, toa vingine, vifute kwa kitambaa kikavu, uvirudishe mahali pake kila rangi ilipokuwa. Usivirudishe ovyo: kati ya kila namna 12 za kuunganisha vipande bila mpango, moja tu ndiyo inayotatulika. Ukimaliza utatuzi ukakuta pembe moja peke yake imejigeuza, mchemraba uliunganishwa vibaya au pembe imezunguka ulipoulazimisha. Ing'oe pembe hiyo uirekebishe kwa mkono. Kama kuna skrubu chini ya vifuniko vya vipande vya kati, legeza au kaza kila moja kwa robo mzunguko, zote sita sawasawa. Kilainishi ni mafuta ya silikoni, tone moja. Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando ya kujipaka hunasa vumbi, usiyatumie.

Uhakiki: kila uso na safu ya kati vinazunguka kwa kidole kimoja bila kukwama.

Hatua ya 3: Jifunze alama na maneno

Mchemraba una vipande 26 vinavyoonekana: vya kati 6, vya ukingo 12, vya pembe 8. Vya kati havibadilishani nafasi, kwa hiyo ndivyo vinavyotaja rangi ya uso.

Herufi zinazotumika duniani kote ni hizi: R uso wa kulia, L wa kushoto, U wa juu, D wa chini, F wa mbele, B wa nyuma. Herufi peke yake ni robo mzunguko kufuata mshale wa saa, kana kwamba unautazama uso huo moja kwa moja. Herufi yenye kistari (R') ni robo kinyume cha saa. Herufi yenye 2 (R2) ni nusu mzunguko. M' ni safu ya wima ya katikati, ikizungushwa ili upande wa mbele upande juu. M ni kinyume chake.

Kuanzia hapa, zungusho ni tendo moja lenye alama moja. Fomula ni mfuatano wa mazungusho unaokaririwa. Mvurugo ni mfuatano wa mazungusho wa kuuchafua mchemraba. Utatuzi ni kazi nzima tangu zungusho la kwanza hadi la mwisho. Kusita ni muda wowote wa sekunde 1 au zaidi ambao vidole havizungushi kitu.

Uhakiki: shika mchemraba uliotatuliwa, fanya R U R' U' mara 6 mfululizo. Lazima urudi kama ulivyokuwa. Fanya M' U M U' mara 5. Lazima urudi pia. Usiporudi, umesoma alama moja vibaya. Soma tena aya ya pili ya hatua hii.

Hatua ya 4: Tengeneza mivurugo 25

Rusha dadu mbili kwa pamoja. Dadu ya kwanza inataja uso: 1 ni R, 2 ni L, 3 ni U, 4 ni D, 5 ni F, 6 ni B. Dadu ya pili inataja kiasi: 1 au 2 ni robo ya kawaida, 3 au 4 ni robo ya kinyume, 5 au 6 ni nusu mzunguko. Andika zungusho. Uso ukijirudia mara mbili mfululizo, rusha tena. Nyuso mbili zinazotazamana zikifuatana, mfano R kisha L, zungusho linalofuata lisiwe la mojawapo kati ya hizo mbili. Andika mazungusho 25. Huo ni mvurugo mmoja. Andika mivurugo 5.

Kupata 20 iliyobaki usirushe tena. Fanya mivurugo hiyo hiyo mitano ukiwa umeushika mchemraba uliotatuliwa kwa mielekeo tofauti: nyeupe juu na kijani mbele, nyekundu juu na nyeupe mbele, bluu juu na nyekundu mbele, njano juu na chungwa mbele, kijani juu na njano mbele. Kwa kuwa unaanza daima na nyeupe, kila mwelekeo unakupa fumbo jipya kabisa. Ipe mivurugo namba 1 hadi 25 kwa mpangilio huo.

Hatua ya 5: Pima wastani wa mwanzo

Tumia mivurugo 1 hadi 15, seti tatu za tatuzi tano, kila seti siku yake. Washa kamera, iweke kwenye kitu imara mikono ionekane. Kagua mchemraba kwa sekunde 15, si zaidi. Ndivyo mashindano ya Chama cha Mchemraba Duniani, WCA, yanavyoruhusu. Utue kwenye kitambaa, washa saa, tatua, zima saa ukishautua tena.

Katika kila seti futa muda mmoja bora na muda mmoja mbaya, kisha gawanya jumla ya mitatu iliyobaki kwa 3. Mfano: 52.10, 47.35, 61.80, 49.00, 50.25. Futa 47.35 na 61.80. Jumla ya iliyobaki ni 151.35, wastani ni 50.45. Ukishapata wastani tatu, upange mkubwa hadi mdogo uchukue wa katikati. Uandike kama W.

Pima katika mazingira yaleyale. Asubuhi ya Julai Mbinga mjini vidole vimeganda. Mchana wa Mbamba Bay vina jasho. Wastani wa juu milimani na wa chini ziwani haulinganishwi. Kama uko kwenye baridi, chovya mikono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika moja, ikaushe, ndipo uanze. Msimu wa kuchuma kahawa, usipime siku ambayo mikono imechuma kutwa.

Uhakiki: una video 15, muda 15 na W moja.

Hatua ya 6: Changanua video

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua mambo mengi kuliko zote. Chagua video tano ambazo muda wake uko karibu zaidi na W. Kwa kila moja tazama mara mbili. Mara ya kwanza hesabu mazungusho yote. Mara ya pili, andika kila kusita: kulianza sekunde ya ngapi, kukadumu sekunde ngapi, na ulikuwa katika sehemu gani ya utatuzi.

Kisha tafuta namba tatu, kila moja wastani wa video tano: Z, idadi ya mazungusho, K, jumla ya sekunde za kusita, na kasi, ambayo ni Z gawanya kwa (W toa K).

Chukua mfano wa mtu mwenye W ya 50, Z ya 110 na K ya 20. Vidole vyake vilifanya kazi sekunde 30, kwa kasi ya mazungusho 3.7 kwa sekunde. Njia ya mazungusho 60 ingempa sekunde 16 za vidole badala ya 30, yaani angeokoa 14. Lakini zile 20 za kusita hazitaondoka kwa sababu amebadili njia. Siku za mwanzo zitaongezeka, kwa kuwa macho yatakuwa yanatafuta vitu vipya. Ndiyo maana ninasisitiza Z na K ziandikwe mbalimbali. Anayezichanganya hubadili njia kila mwezi akitafuta fomula za kutibu ugonjwa wa macho.

Uhakiki: Z yako kwa njia ya safu kwa safu huwa juu ya 80. Ikiwa chini ya hapo, hesabu tena.

Hatua ya 7: Pima mikono

Shika mchemraba uliotatuliwa. Kipimo A: R U R' U' mara 6, jumla mazungusho 24. Kipimo B: M' U M U' mara 5, jumla mazungusho 20. Fanya kila kipimo mara 5 kwa saa, ukifuta bora na mbaya kama katika hatua ya 5. Gawanya 24 kwa wastani wa A upate kasi ya A. Gawanya 20 kwa wastani wa B upate kasi ya B. Kisha gawanya kasi ya B kwa kasi ya A. Tokeo liite M/R.

Kama hujazoea kuzungusha safu ya kati, jizoeze kwanza kwa siku tatu: kwa M', kidole cha pete cha mkono wa kulia kinavuta safu kutoka nyuma kwenda chini. Kupima bila mazoezi hayo ni kuihukumu njia kabla ya kuisikiliza.

Uhakiki: kila kipimo kimemalizika mchemraba ukiwa umetatuka. Ambacho hakikutatuka, kirudie.

Hatua ya 8: Pima macho

Tumia mivurugo 16 hadi 20 kwa msalaba, na 21 hadi 25 kwa boksi. Msalaba ni kingo nne nyeupe chini, kila moja ikilingana na kipande cha kati cha pembeni. Boksi ni kipande cha 1×2×3 kwenye theluthi mbili za chini za upande wa kushoto: kipande cha kati cha L, kingo tatu na pembe mbili, rangi zote zikilingana.

Tazama hadi dakika 2, kisha zungusha ukihesabu. Msalaba uliokamilika kwa mazungusho 10 au pungufu unapata alama 1. Haijalishi mvurugo, msalaba hauhitaji zaidi ya mazungusho 8 kwa mtu anayeona kila kitu. Boksi lililokamilika kwa 12 au pungufu linapata alama 1. Usitumie fomula. Andika alama za msalaba na za boksi, kila moja kati ya 5.

Hatua ya 9: Soma njia zilizopo

CFOP ilienezwa na Jessica Fridrich, mzaliwa wa Ucheki aliyekuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Binghamton, New York. Ina sehemu nne: msalaba; jozi nne za pembe na ukingo zinazojaza safu mbili za chini kwa pamoja; kuelekeza rangi ya safu ya juu; kupanga vipande vya safu ya juu. Hutumia mazungusho 55 hadi 60 hivi. Fomula kamili ni 78: za kuelekeza 57, za kupanga 21. Toleo fupi linagawanya kila moja ya sehemu mbili za mwisho mara mbili, na linahitaji fomula 16 tu.

Roux ni ya Mfaransa Gilles Roux. Hujenga boksi la kushoto, kisha boksi la kulia, kisha pembe nne za juu, mwisho kingo sita zilizobaki kwa M na U peke yake. Mazungusho ni karibu 48, na mchemraba haugeuzwigeuzwi mkononi. Toleo fupi la pembe lina fomula 9. Kamili lina 42. Uzito wake uko mwanzoni, kwenye maboksi, ambayo hayana fomula ya kukariri.

ZZ ni ya Zbigniew Zborowski wa Poland, mwaka 2006. Huelekeza kingo zote 12 mwanzoni kabisa, kisha mikono inabaki na R, U na L. Ni nzuri kwa mkono mmoja. Kwa njia ya kwanza baada ya safu kwa safu siipendekezi: kuzisoma kingo 12 ndani ya sekunde 15 kunamlemea mtu ambaye bado anatafuta vipande.

Usiwadharau waliotangulia. Bingwa wa kwanza wa dunia, Minh Thai, Budapest Juni 1982, alishinda kwa sekunde 22.95. Njia yoyote kati ya hizi tatu, katika toleo lake fupi, inaweza kukufikisha hapo.

Hatua ya 10: Chagua

Soma kanuni hizi kuanzia ya juu. Simama kwenye ya kwanza inayokuhusu. Mipaka ya namba ni yangu, nimeiweka ili usibaki ukisitasita.

a) W iko juu ya 60: usibadili njia. Endelea na safu kwa safu hadi W ishuke chini ya 60, kisha rudia kuanzia hatua ya 5.

b) K ni zaidi ya nusu ya W: usibadili njia kwa wiki mbili. Kila siku fanya tatuzi 10 bila saa, ukizungusha polepole kiasi kwamba vidole havisimami hata mara moja, macho yakitafuta kipande kinachofuata wakati mikono inamalizia cha sasa. Kisha rudia hatua ya 5 na ya 6.

c) M/R ni 0.75 au zaidi, na alama za boksi ni sawa na za msalaba au zaidi: chagua Roux.

d) Mengine yote: chagua CFOP.

Ukiangukia (d) kwa tofauti ndogo, usihesabu tena ili upate jibu unalolitamani. CFOP ina faida moja ya wazi kwa mtu aliye mbali na wachezaji wengine: unaweza kuipokea kipande kimoja kimoja juu ya njia unayoijua, na kila wiki ukabaki na utatuzi unaokamilika. Roux inakudai uvunje nyumba nzima kwanza.

Uhakiki: andika daftarini jina la njia moja, tarehe, na namba zilizokupeleka huko.

Hatua ya 11: Jifunze toleo fupi

Pakua orodha ya fomula za toleo fupi la njia yako, uichapishe kwenye karatasi moja ya A4. Kama unakaa ziwani, chapisha ukiwa Mbinga mjini, kabla ya kushuka kilomita 66 hadi Mbamba Bay.

Kwa CFOP: wiki ya 1, jenga msalaba ukiwa chini, si juu, mara 20 kwa siku. Wiki ya 2 na ya 3, tafuta jozi nne kwa kuelewa, bila fomula, ukimalizia safu ya juu kwa njia ya zamani. Wiki ya 4 hadi ya 6, ongeza fomula moja kwa siku hadi 16.

Kwa Roux: wiki ya 1 na ya 2, boksi la kushoto. Wiki ya 3, boksi la kulia bila kuharibu la kushoto. Wiki ya 4 na ya 5, fomula 9 za pembe. Wiki ya 6, kingo sita za mwisho.

Kila fomula ihakikiwe hivi kabla ya kuitumia: ianze kwenye mchemraba uliotatuliwa, uirudie hadi utatuke tena, na uandike ilirudiwa mara ngapi. Kesho idadi iwe ileile. Mfano, fomula T ya kupanga, R U R' U' R' F R2 U' R' U' R U R' F', hurudi baada ya mara 2. Ikikupa idadi nyingine, umeikariri na kosa.

Muda wako utapanda wiki za mwanzo. Hilo linatarajiwa, usipime W kabla ya mwisho wa wiki ya 6.

Hatua ya 12: Hakiki uamuzi

Tengeneza mivurugo 5 mipya kwa dadu, ishikilie kwa mielekeo mitatu ya kwanza upate 15, kisha rudia hatua ya 5 na ya 6 saa zilezile za siku na mahali palepale. Linganisha.

Z imeshuka chini ya 75, na W imeshuka: njia imekubali. Anza kuongeza fomula za toleo kamili, ukianza na sehemu yenye kusita kurefu zaidi kwenye video.

Z imeshuka lakini W haijashuka: njia ni sahihi, macho bado. Fanya zoezi la kanuni (b) kwa wiki mbili, upime tena.

Z haijashuka: hujaitumia njia mpya, unatumia ile ya zamani kwa jina jipya. Tazama video, tafuta sehemu ambayo mikono ilirudi kwenye safu kwa safu, uifanyie kazi sehemu hiyo peke yake kwa wiki moja.

Kubadili njia tena kunaruhusiwa katika hali moja tu: umepima mara tatu, kila mara wiki mbili mbali na nyingine, na W haijashuka hata mara moja chini ya ile ya hatua ya 5. Hapo rudi hatua ya 7 ukiwa na daftari lilelile, na uanze kupima mikono upya.